Shefu anakusumbua ku ambulansi ao ku pompie? Anza na kuangalia nani alisaini karatasi yako

Mi niko anfirmie (muuguzi) wa ambulansi hapa Lubumbashi, Kongo (RDC), mwaka wa 9 sasa, na miaka 4 kati ya hiyo nilikuwa delege (mwakilishi) wa sendika, chama cha wafanyakazi, mu kampuni moja yenye sitaitaja jina. Mu ile miaka 4 niliona watu wenye haki kabisa wanashindwa, na wengi hawakushindwa juu sheria haipo, walishindwa juu walipiga hodi ku mlango haiko wao. Pompie (mzima moto) wa meri anaenda kwa inspekta wa kazi, inspekta anamwambia mama, we si wangu. Mwanamke polisi anapeleka plainti (mashtaka) juu ya kamanda wake ku parke (ofisi ya waendesha mashtaka) ya kawaida, dosie inazunguka miezi kisha anaambiwa aende kwa wanajeshi. Mwingine wa mines anakasirika, anatupa gile (kizibao cha kazi) yake juu ya meza ya shefu, anarudi kwake Katuba, na kisha miezi 5 njo anakuja kuniuliza "sasa delege, tunafanya namna gani?" Namna gani tena, mama, ulishatoka.

Kwa hiyo hii naiandikia pompie, sekuriste, shofere wa ambulansi, watu wa irijansi ku hopitali, polisi, wote wenye kuitwa wa kwanza wakati mambo imeharibika. Fuata hatua vile ziko, usiruke ya kwanza hata kama unaona inachosha.

Hatua ya 1. Angalia nani alisaini

Toa kontra yako, ao barua ya kukuingiza kazi, ao fishi ya malipo. Usiangalie rangi ya unifome wala jina lenye kuandikwa ku gari, angalia saini na tampo. Hapa Haut-Katanga watu wengi wa ambulansi ya mines wanavaa jina la kampuni kubwa lakini walichukuliwa na sutretansi (kampuni ndogo yenye kufanyia kazi ile kubwa), na mbele ya sheria patron wako ni yule alisaini, ule mwingine atasema hakujui.

Kama ulichukuliwa na kampuni, klinike ya prive, ONG, shule, yeyote yule kwa kontra ya kazi, uko chini ya Kode ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002, ile walirekebisha mu julai 2016. Hata serikali ikikuchukua kwa kontra tu bila kukuingiza mu karyere, ni hii hii Kode. Mlango wako ni inspekta wa kazi.

Kama uko agent wa serikali wa karyere, na matrikile (namba yako ya serikali), Kode ya kazi inakutoa ku artikle ya kwanza kabisa. Wewe sheria yako ni namba 16/013 ya tarehe 15 julai 2016, statut ya maagent wa serikali. Njia yako ni kuandikia yule alichukua uamuzi wa kukuumiza, kisha mkubwa wake, na wakikataa unaenda ku tribinali ya administrasio. Ile barua ya kwanza isichelewe, muda wake unahesabiwa kwa miezi, si kwa miaka. Sasa kuna wale tunaita nuvel inite, mtu anazima moto mwaka wa sita huu bila matrikile, anapata paka prime (pesa ya juu, si mshahara), na siku shefu anamwambia kesho usirudi hajui hata yeye ni nani. Ndugu yangu wa nuvel inite, kusanya kila karatasi yenye tampo: barua ya kukupanga ku posti, liste ya prime, ordre ya misyo. Ile njo itakuwa matrikile yako mbele ya avoka.

Kama uko polisi, kuna sheria namba 13/013 ya tarehe 1 juni 2013 juu ya statut ya polisi wa karyere, na kwa makosa ya jinai yenye kufanywa na polisi, Katiba artikle 156 inapeleka dosie ku mahakama ya kijeshi. Maana yake kamanda wako akikushika kwa nguvu, plainti inaenda ku auditora (parke ya wanajeshi). Najua, kwenda kushtaki afande kwa maafande wengine inaogopesha, lakini ku mlango mwingine watakurudisha tu, na kamanda atakuwa ameshajua.

Kama uko volontere, tuseme wa Musalaba Mwekundu, bila kontra na bila mshahara, Kode ya kazi haikuhesabu kama mfanyakazi. Lakini kode penali (sheria ya makosa ya jinai) haiulize kama unalipwa. Mambo ya kushikwashikwa, kupigwa, kutukanwa kabila, inakulinda sawa na wengine. Yale mengine unaandikia komite ya juu ya ile iko inakusumbua.

Na kama huna karatasi hata moja? Usilie kwanza. Kode inasema kontra iandikwe, lakini ikikosa kuandikwa mfanyakazi anaweza kuonyesha kwa njia yoyote kwamba kazi ilikuwepo, na kontra isiyoandikwa inahesabiwa kuwa haina mwisho mpaka mtu aonyeshe tofauti. Wale wa siku kwa siku, soma artikle 40: ukishafanya siku 22 ndani ya miezi 2, wakikuchukua tena mbele ile miezi 2 iishe, unahesabiwa una kontra ya bila mwisho. Mashefu wengi wanaijua vizuri sana hii, njo maana wanakupumzisha ku siku ya 21.

Hatua ya 2. Ipatie jambo jina lake

"Shefu ananionea" haiko jina. Kila mtu ku dunia anaonewa na shefu. Andika ni nini.

Ubaguzi ni pale unanyimwa kitu sawa juu ya vile uko. Artikle 13 ya Katiba inakataza kumbagua Mukongomani juu ya dini, ukoo, kabila, luga, mahali anaishi, mawazo yake, na artikle 36 inasema hakuna mtu wa kuumizwa mu kazi juu ya asili yake, jinsia yake, mawazo, imani ao hali yake ya maisha. Hapa kwetu ubaguzi wa kwanza ni kabila, tuseme ukweli. Misyo yenye prime nzuri inaenda kwa "watoto ya kwetu", na wewe unasikia ku redio "we haiko mwana wa hapa, rudia kwenu". Wenye walikuwa Lubumbashi mu 1992 na 1993, wakati watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, wanajua ile maneno inaishia wapi. Kuna ordonanse-lwa ya tarehe 7 juni 1966, namba 66-342, juu ya ubaguzi wa rangi na wa kabila, na mtu anaweza kufungwa kuanzia mwezi 1 mpaka miaka 2 kwa kuonyesha chuki ya kabila kwa maneno, ishara ao maandishi. Imezeeka kuliko mimi lakini iko na meno bado.

Kwa wanamke, kuna ile ya "banamuke habawezi beba brankari", yaani machela. Halafu unawekwa ku simu na ku kupiga deki miaka na miaka, na mshahara unabaki chini. Artikle 86 ya Kode: kazi sawa, ujuzi sawa, matokeo sawa, basi mshahara sawa, bila kuangalia asili, jinsia wala umri. Mimba nayo haiko sababu ya kukufukuza. Ukizaa una wiki 14 za mapumziko na wakati ule patron hawezi kukutoa kazini, na mu ile wiki 14 unapata sehemu 2 kwa 3 za malipo. Ukirudi, nusu saa mara 2 kwa siku ya kunyonyesha. Wanamke wa ambulansi wengi hawaombi hii juu "tuko wachache ku timu". Omba.

Sisi tunashika damu, kwa hiyo na hii: sheria namba 08/011 ya tarehe 14 julai 2008 inakataza kumbagua mtu mu kazi juu ya virusi vya ukimwi. Sindano ilikuchoma ku misyo, ukapimwa, matokeo ni yako na daktari, si ya groupe ya WhatsApp ya posti. Na kama kazi ilikuvunja mguu ukabaki na kilema, tangu tarehe 3 mei 2022 kuna sheria organike namba 22/003 juu ya watu wenye ulemavu, muonyeshe avoka.

Unyanyasaji wa moyoni, ile kwa Kifaransa wanaita arselema moral, ni kurudia-rudia: matusi mbele ya wagonjwa, zamu za usiku zote kwako, hakuna mtu anakujibu ku redio. Kuna arete ya minista ya tarehe 26 oktoba 2005 yenye kukataza arselema ya moyo na ya mwili mu kontra ya kazi, watu wengi wa maofisi hawajawahi kuisikia, uitaje jina.

Lakini nisikie vizuri hapa. Shefu kukufokea pa moto, "toka hapo weye mupumbafu, ukuta inaanguka!", haiko unyanyasaji, ni kukuokoa, na ukipeleka hiyo kwa inspekta utajiharibia jina. Kazi yetu ina kelele. Kitu cha kuangalia ni nje ya moto: nani anapewa gants na nani anaambiwa zimeisha, nani kila mara anaingia wa kwanza bila maski, nani anatumwa peke yake usiku ku mahali hata polisi hawaingii. Mu kazi ya ofisi shefu mbaya anakupotezea fayilo, mu kazi yetu hatari yenyewe njo fimbo yake. Hiyo uandike.

Hatua ya 3. Kaye

Nunua kaye (daftari) ya shule, yenye kushonwa, usitumie karatasi za kuchomoa. Inakaa nyumbani, si ku posti. Kila kitu kikifanyika, unaandika siku ile ile hata kama unasinzia, tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe vile yalisemwa kwa luga ile ile (alisema kwa Kiswahili, andika Kiswahili, usitafsiri), nani alisikia. Kwa mfano (kasiki ni kofia ya kinga):

"Jumanne tarehe 11, saa 2 ya usiku, ku garaje. Shefu ananiambia: weye utaenda bila kasiki, kasiki ni ya banaume. Walisikia shofere na mulinzi wa jeti. Misyo namba 214."

Umeona, namba ya misyo tu. Hapa watu wanajichimbia shimo. Wanapiga picha rejista nzima ya misyo, na majina ya wagonjwa, ajali gani, ugonjwa gani, wanatumia avoka ku WhatsApp. Siri ya mgonjwa inalindwa na kode penali, na shefu wako alikuwa anatafuta tu kosa zito la kukufukuza nalo, umempa mkononi. Mi mwenyewe nilifanya hii mara moja, nikakaa wiki 2 silali, bahati yangu picha ilikuwa mbaya haisomeke. Andika namba, inspekta akitaka rejista ataiomba mwenyewe.

Pamoja na kaye: orario za zamu, mesaje (usifute hata moja, na upige kapture yenye kuonyesha namba na tarehe), barua za kuadhibiwa, karatasi ya daktari kama umeanza kuugua. Mashahidi wa kazi yetu wanaogopa, kila mtu ana watoto. Usiwalazimishe kusaini kitu siku ya kwanza, andika tu kwamba walikuwepo.

Hatua ya 4. Barua moja, fupi, na akize (tampo ya kuonyesha waliipokea)

Uandike kwa Kifaransa, hata kama wote munaongea Kiswahili, juu njo itasomwa mbele. Kama Kifaransa ni nzito tafuta mtu wa sendika, si mwandishi wa barabara wa kukuwekea maneno makubwa. Ndani uweke vitu hivi na hapo unakomea: mi ni nani na kazi gani, tarehe hii na hii ilifanyika hivi na hivi, nimeumia namna hii, naomba mufanye hivi (kubadilisha timu, kurudisha prime, kusimamisha maneno), na nangoja jibu. Usitukane. Usiseme "nitawapeleka mbali". Nakala mbili, ya pili wakupigie tampo na tarehe. Sekretere akikataa kupokea, tuma kwa imeyili na kwa delege, na uandike mu kaye nani alikataa na saa ngapi.

Watakuogopesha kwamba ukilalamika wanakufukuza. Artikle 62 ya Kode inasema kupeleka malalamiko juu ya patron haiko sababu halali ya kumtoa mtu, wala sendika, wala kabila, wala jinsia, wala dini, wala mimba. Wakifanya hivyo hata hivyo, tribinali inaweza kuamuru urudishwe ao ulipwe fidia, na fidia hiyo inaweza kufika hata miezi 36 ya malipo yako ya mwisho. Haimaanishi utapata 36, ni kikomo.

Kisha ile ya kutupa gile. Kama unaona huwezi tena, Kode inakubali mfanyakazi kuvunja kontra mara moja kwa kosa zito la patron, na unyanyasaji wa mwili ao wa moyo, vitisho, matusi makubwa, mapigo, ziko ndani ya liste ya artikle 73, hata kama ni wenzako wanafanya na patron anaangalia tu. Lakini ni kwa maandishi, ndani ya siku 15 za kazi tangu ujue yale mambo. Ukitoka kimya-kimya, wao wataandika "aliacha kazi", na sasa ni wewe unaonekana mukosefu. Kwa hiyo usitoke na hasira, toka na barua. Ao usitoke.

Kama ni mambo ya mwili, usingojee hatua zingine

Shefu anataka ulale naye juu ya zamu, juu ya kontra, juu ya kwenda formasio Kolwezi: hiyo haiko tena shida ya kazi peke yake. Tangu sheria 06/018 ya tarehe 20 julai 2006, kode penali artikle 174d inaadhibu arselema ya ngono, pamoja na kutumia cheo kumbana mtu, mwaka 1 mpaka miaka 12 ya jela, ao amande (faini), ao vyote. Ni lazima wewe mwenyewe upeleke plainti, bila ile parke haianzi. Na ile "mi ni mkubwa", "nilipewa ordre", sheria hiyo hiyo inasema haimtoi mtu mu kosa.

Kisha watakuja wazee wa familia, pastere, kamanda, wote na maneno ya kupatana, mbuzi na dola kidogo. Kwa makosa ya ngono OPJ (ofisa wa polisi mwenye kufanya uchunguzi) hana ruhusa ya kumaliza dosie kwa amande ya papo hapo, sheria 06/019 ya siku ile ile ilikataza. Inasema pia uchunguzi wa kwanza usipite mwezi 1, na kesi yenyewe ihukumiwe ndani ya miezi 3. Mu maisha inapita, mi sikudanganyi, lakini ukiwa na hiyo namba mkononi unaweza kwenda kuuliza bila kuona haya. Kama kulikuwa kushikwa kwa nguvu, hopitali kwanza, ndani ya saa 72, juu kuna dawa za kuzuia virusi zenye zinapita wakati.

Usifikiri ni wewe peke yako. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, kule Nord-Kivu na Ituri, wanamke waliombwa mwili ili wapate kazi ya muda mfupi tu, na tarehe 28 septemba 2021 komisio huru yenye iliwekwa na OMS (shirika la afya la dunia) ilitoa raporo: watu 83 walishukiwa, 21 kati yao walikuwa wa OMS yenyewe. Hao walikuwa watu wa kuokoa maisha, na gile nyeupe, na magari yenye bendera.

Pesa ya avoka hauna? Baro (chama cha maavoka) ya Haut-Katanga iko na biro ya konsiltasio ya bure, na kuna Komisio ya taifa ya haki za binadamu, ile CNDH. Kama mtu ku ofisi anakuomba pesa ya "karatasi", muombe risiti, mara nyingi karatasi inapatikana bure ghafla.

Hatua ya mwisho: kwa inspekta

Hii ni ya wale wa Kode ya kazi. Huwezi kwenda moja kwa moja ku tribinali ya kazi, watakurudisha, lazima kwanza mupite konsiliasio (kupatanishwa) kwa inspekta wa kazi. Unaandika barua, unaweka nakala za kila kitu (orijinali zinabaki kwako, hata wakikuomba kwa upole), anawaita wote wawili. Patron asipokuja anaitwa tena, na akiendelea kukataa inspekta anaandika, na ile karatasi inakufungulia tribinali. Usikae sana: kesi ya kontra inazeeka kisha miaka 3, na ya mshahara usiolipwa kisha mwaka 1 tu. Anayekuambia "ngoja tuone mwezi ujao" mara ya nne anahesabu ile tarehe kuliko wewe.

Siku ya konvokasio usitoke moja kwa moja ku gardi ya usiku, wale wa kampuni watakuja watatu, wamelala vizuri, na mwanasheria. Omba zamu ibadilishwe ao uombe tarehe ingine. Enda na delege. Na PV (karatasi ya yale mulisema na kukubaliana) ikishaandikwa, muombe inspekta aisome kwa Kiswahili, yote, hata kama unaona haya, hata kama saa ya chakula imefika na kila mtu anaangalia saa. Angalia kama imeandikwa konsiliasio nzima ao sehemu tu, juu yale umekubali na kusaini huwezi kurudi kuyadai tena. Kama walikubali kulipa prime lakini hawakusema kitu juu ya matusi, waandike kwamba juu ya matusi hamukupatana, njo usaini, kila ukurasa, na utoke na nakala yako siku ile ile.